Namna ya Kupokea Wimbo wa Kwaya Nyingine, Kuufundisha na Kuutoa kwa Wengine

Nyimbo nyingi tunazoimba katika kwaya zetu hatukuzitunga sisi. Zilitoka parokia au usharika wa jirani, zikaletwa na mwanakwaya aliyehamia kutoka mkoa mwingine, zikapatikana kwenye semina ya walimu wa kwaya, au zilikuwamo kwenye karatasi iliyotolewa fotokopi mara nyingi hadi herufi zikafifia. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya, kiongozi wa sauti, au mwanakwaya wa kawaida anayetaka kuleta wimbo katika kwaya yake, kuufundisha hadi uimbike kwa sauti nne (soprano, alto, tena na besi), kisha kuutoa kwa kwaya nyingine ukiwa mzima. Naamini kwa dhati kwamba furaha ya kuimba pamoja huongezeka kila wimbo unapopata waimbaji wapya. Lakini wimbo uliopitishwa ovyo hufika umepungua, na anayepunjwa ni yule atakayeuimba baadaye bila kujua kilichopotea.

Umbali ambao wimbo wa kwaya unaweza kusafiri tunaujua vizuri katika Afrika yetu. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya katika eneo la Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika na kuuandika kwa nota za solfa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Lahani yake ndiyo tunayoiimba leo katika wimbo wa taifa wa Tanzania. Zambia nayo huiimba kwa maneno yake, na Afrika Kusini imeiweka katika wimbo wake wa taifa wa sasa tangu mwaka 1997. Kabla ya kufika viwanjani na bungeni, ilibebwa na kwaya, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine na kutoka daftari moja hadi jingine. Solfa yenyewe ilianzishwa Uingereza na Sarah Glover, kisha ikaendelezwa na John Curwen kuanzia miaka ya 1840, nayo ikaletwa kwetu na wamisionari. Imedumu kwa sababu inaandikika kwa herufi za kawaida: mtu mwenye kalamu na karatasi, hata akiwa kijijini kusiko na kinanda, anaweza kunakili wimbo wa sauti nne na kuupeleka nyumbani.

Kusikiliza na kuomba

Wimbo unapokugusa ukiwa ugenini, usikimbilie simu ili kuurekodi kabla hujausikiliza mara moja kwa makini. Zingatia ni nani anayeuanza, kiitikio kinaingia wapi, mwendo wake ni wa taratibu au wa haraka, ngoma na makofi huingia ubeti gani, na umeimbwa sehemu gani ya ibada. Wimbo wa matoleo ulioimbwa huku waumini wakitembea kuelekea altareni una mwendo wa miguu ndani yake. Ukiupeleka kwenu ukauimba kama wimbo wa tafakari baada ya komunyo, utashangaa kwa nini haukai sawa.

Ibada ikiisha, mfuate mwalimu wa kwaya ile, si mwanakwaya wa kwanza unayekutana naye mlangoni. Msalimu kwa desturi ya kanisa hilo, “Tumsifu Yesu Kristo” au “Bwana Yesu asifiwe”, na kama ni mtu mzima kuliko wewe, shikamoo iwepo. Kisha useme jambo lako waziwazi: “Mwalimu, wimbo ule wa matoleo umetubariki sana. Tunaomba nota zake, na tungependa kujua mtunzi ni nani ili nasi tumtaje.” Walimu wengi hufurahi kuombwa hivyo, kwa kuwa ombi lenyewe linaonyesha kwamba umesikia kazi yao. Muulize pia mambo ambayo karatasi haisemi: wao huimba kwa ufunguo gani, ubeti upi huachwa, na kama kuna mahali ambapo wao wenyewe wamebadilisha nota za mtunzi. Swali hili la mwisho ni muhimu kuliko yote, kwa maana mabadiliko ya aina hiyo hukaa kichwani mwa mwalimu na hayaandikwi.

Ukikosa kumpata mwalimu, zipo njia nyingine. Kwa nyimbo za Kikatoliki za Kiswahili, tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya nota zinazoweza kupakuliwa zikiwa na jina la mtunzi. Vitabu vya nyimbo vya madhehebu navyo vina nyimbo ambazo watu hudhani ni za mdomo tu. Rekodi ya studio iwe kimbilio la mwisho: sauti huko huongezwa na kurekebishwa, kinanda hufunika besi, na mara nyingi sauti ya tatu haisikiki kabisa, hivyo mwalimu hulazimika kuitunga upya bila kujua kwamba anatunga.

Kuikagua nota kabla ya kuifundisha

Karatasi iliyonakiliwa kwa mkono huwa na makosa, na makosa ya solfa ni yale yale karibu kila mara. Alama ndogo ya juu au ya chini ya herufi hupotea, na d ya juu ikawa d ya kawaida. Kistari cha kuendeleza sauti huachwa, na kuanzia hapo sauti moja inawatangulia wenzake. Nukta inayogawa pigo mara mbili hufutika kwenye fotokopi. Njia ya kuyabaini ni rahisi, ingawa inataka subira. Chukua kipimo kimoja kimoja, kati ya mstari wa wima na mstari wa wima, uhesabu mapigo ya kila sauti. Zote nne lazima zilingane. Kisha soma kutoka juu kwenda chini kwenye kila pigo lenye nguvu: ukikuta soprano iko m, alto d, tena s na besi r katika wimbo ambao kwingine kote ni mtulivu, shuku besi kwanza, na utafute nakala nyingine ya kulinganisha.

Baada ya hapo jaribu ufunguo. Mwalimu asiye na kinanda anaweza kutumia uma wa chuma unaotoa sauti ya A, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, na akapata ufunguo wowote kwa solfa. Kwa wimbo wenye Do = G, yaani d ikiwa sauti ya G, gonga uma, iite sauti unayoisikia r, ushuke hatua moja hadi d. Kwa Do = F, sauti hiyo hiyo ni m, nawe utashuka m, r, d. Kwa Do = D ni s, na utashuka s, m, d. Zoezi hili likizoeleka, kwaya haitaanza tena wimbo kwa kukisia, ambako ndiko kunakowafanya soprano wapige kelele katika kiitikio huku besi wakinguruma chini ya uwezo wao.

Usione haya kubadili ufunguo ulioandikwa, lakini ubadilishe kwa hesabu. Wimbo wa Do = F unaopanda hadi m ya juu unawataka soprano wafike A, sauti ambayo wengi wasiofanya mazoezi ya kila siku hawaifikii bila kukaza koo. Ukiushusha hadi E bemoli, kilele kinakuwa G, na hapo wengi watafika. Hata hivyo besi waliokuwa wakigusa F ya chini sasa watatakiwa kugusa E bemoli, na baadhi yao watanyamaza pale pale ulipowategemea. Shusha kwa kiasi ambacho sauti zote nne zinakimudu, wala usimsikilize mtu mmoja tu anayelalamika kwa sauti kubwa.

Mwisho wa ukaguzi ni maneno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo lenye nguvu linapaswa kuangukia hapo. Nyimbo zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani au Kiingereza mara nyingi hazitii kanuni hii, na mwalimu hawezi kuandika upya kitabu cha nyimbo. Anachoweza kufanya ni kuwaonyesha wanakwaya mahali ambapo muziki unasukuma silabi isiyostahili, ili waipunguzie uzito. Kama wimbo ni wa Kinyarwanda, Kilingala, Kizulu au lugha yoyote ambayo kwaya haiijui, tafuta mtu anayeizungumza awasomee maneno taratibu, awaeleze maana yake mstari kwa mstari, na umrekodi. Kuimba sala ya watu wengine bila kujua unachosema ni kuwakosea waliokupa wimbo.

Mazoezi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo furaha inapopatikana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usianze na wimbo. Anza na pumzi na kupasha sauti kwa dakika kama kumi: mabega yatulie, mbavu zifunguke, hewa itoke polepole kwa sauti ya “sss”, kisha ngazi za solfa kwa irabu tano, zikipanda nusu toni kila mara. Kwaya inayopumua pamoja hubadilika mapema kuliko inavyodhani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watu wanaoimba pamoja kwa mishororo inayowalazimu kuvuta pumzi wakati mmoja huanza kupandisha na kushusha mapigo ya moyo kwa pamoja. Mwanakwaya aliyefika akiwa na uchovu wa daladala na mawazo ya kazini huujua ukweli huo hata bila vipimo.

Baada ya hapo andika solfa ubaoni, au gawa karatasi, na msome maneno kwa mdundo bila lahani. Kisha anza na besi. Najua desturi ni kuanza na soprano kwa sababu ndio wenye lahani, na watu wanataka kuusikia wimbo. Lakini lahani ikishakaa masikioni mwa kwaya nzima kwa nusu saa, alto na tena hawatafundishika kwa urahisi, kwa kuwa kila wanapopotea watakimbilia kwa soprano. Besi wakishika msingi, tena wakaongezwa juu yao, kisha alto, soprano wanapoingia wanakuta nyumba imekwisha kujengwa. Waimbie wote lahani mara moja mwanzoni ili wajue waendako, halafu uende chini.

Tazama mfano huu mfupi, niliouandika kwa ajili ya mwongozo huu tu, wenye mapigo mawili kwa kipimo na Do = G (alama ₁ inaonyesha nota ya ngazi ya chini):

Soprano: | m : m | r : r | d : d ||
Alto: | d : d | d : t₁ | d : d ||
Tena: | s : s | l : s | m : m ||
Besi: | d : d | f₁ : s₁ | d : d ||
Maneno: So-te le-o twi-mbe

Kwa macho, kazi ya alto ni nyepesi kuliko zote: d mara tatu, hatua moja chini, kisha kurudi. Kwa sikio ndiyo ngumu kuliko zote. Sauti moja inayorudiwa huelekea kushuka kidogo kidogo, na hiyo t ya chini iko nusu toni tu kutoka d, hatua nyembamba ambayo wengi huishuka kana kwamba ni toni nzima. Matokeo yake ni kwamba alto hurudi kwenye d iliyoshuka kidogo, isiyolingana na d ya besi, na wimbo mzima unalegea ingawa hakuna aliyeimba nota isiyo yake. Dawa yake ni kuwasimamisha alto na besi peke yao, besi wakiwa s₁ na alto t₁, na kuwaacha washikilie hapo kwa pumzi mbili au tatu huku mwalimu akiwaambia alto waisogeze sauti juu kidogo sana, bila kuongeza nguvu. Kuna wakati sauti hizo mbili huacha kugongana na kuwa kama zimetoka kwenye koo moja. Kila mtu chumbani hulisikia jambo hilo, hata aliyejiunga jana. Sasa waongeze tena kwenye s na soprano kwenye r, kisha waruhusu wote waende kwenye d.

Fanya zoezi hilo bila kinanda. Kinanda kimepangwa kwa mgawanyo sawa wa nusu toni kumi na mbili, ili kiweze kupiga katika kila ufunguo, na gharama ya mpango huo ni kwamba m yake iko juu kidogo kuliko m inayokubaliana kikamilifu na d. Tofauti yenyewe ni takriban asilimia 14 ya nusu toni. Sauti za watu haziko kwenye kifungo hicho. Wanakwaya wakisikilizana, m hushuka hadi mahali ambapo mitetemo yake inahusiana na ile ya d kwa uwiano wa 5 kwa 4, na hapo ndipo mlio hutandaa kanisani na kuonekana mkubwa kuliko idadi ya watu. Kwaya inayofanya mazoezi yote ikiwa imefunikwa na kinanda chenye sauti ya juu, pamoja na ngoma ya umeme, inajinyima jambo ambalo limewaleta watu pamoja. Vyombo viongezwe mwishoni, wimbo ukiwa tayari unasimama wenyewe.

Kuhusu pumzi ndani ya wimbo, amueni mapema mahali ambapo kwaya yote itapumua na mtie alama kwenye karatasi. Pale ambapo sauti inatakiwa kuendelea bila kukatika, kwa mfano besi wanaoshikilia d chini ya kiitikio kirefu, wagawe wapumue kwa zamu: kila mtu apumue katikati ya silabi, kamwe asipumue mwishoni pamoja na jirani yake, na arudi kwa sauti ndogo. Wimbo mpya ukifundishwa hivi, vipindi viwili au vitatu vya mazoezi vinatosha kuufanya usimame. Kipindi kinachofuata kiwe cha kuuimba bila karatasi, kwa maana macho yakitoka kwenye karatasi masikio hufunguka.

Wapo wanakwaya wasiosoma solfa, na wako wengi. Wasiaibishwe. Warekodie kila sauti peke yake kwa simu, taratibu, huku sauti ya kuanzia ikitajwa mwanzoni, na mtume rekodi kwenye kundi la WhatsApp la sauti husika: besi wapate ya besi tu, alto wapate ya alto tu. Ukiwatumia zote nne kwa pamoja, watasikiliza soprano. Wakati huo huo, tengeni robo saa ya kila mazoezi kwa kusoma ngazi ubaoni, kwa sababu mwanakwaya anayesoma solfa anaweza kupokea wimbo wa mtu asiyekutana naye kamwe.

Nyimbo ambazo hazikuandikwa

Si kila wimbo unaofaa kupokelewa uko kwenye solfa. Wagogo wa Dodoma wana uimbaji wa sauti nyingi wa kwao wenyewe, sauti zikitembea pamoja kwa nafasi ambazo hazitokani na kitabu cha nyimbo cha Ulaya, na wanawake wao hupiga ngoma ya muheme huku wakiimba. Kwaya ya mjini ikiuchukua wimbo wa namna hiyo na kuulazimisha uingie katika soprano, alto, tena na besi, itapata wimbo wa kawaida sana na kupoteza ulichokuwa nacho. Ushauri wangu ni kwamba nyimbo za asili zijifunzwe kwa wenyewe, ana kwa ana, kwa kuimba nyuma yao mara nyingi, na solfa iandikwe baadaye kama kumbukumbu tu.

Kenya imekuwa na uzoefu mrefu wa kuzipanga nyimbo za jamii mbalimbali kwa ajili ya kwaya, hasa kupitia Tamasha la Muziki la Kenya lililoanza mwaka 1927, ambako wanafunzi wa jamii moja husimama na kuimba kwa lugha ya jamii nyingine mbele ya waamuzi. Aliyepanga wimbo wa asili kwa sauti nne amefanya kazi halali, mradi aandike wazi kwamba wimbo ni wa jamii fulani na yeye ni mpangaji. Kuandika jina lako mahali pa mtunzi wa wimbo ulioimbwa na bibi zako na bibi za jirani zako ni kujitwalia kisicho chako.

Kwaya mbili zinapokutana

Njia bora kuliko zote ya kupeana nyimbo ni kutembeleana. Kwaya za Kikatoliki zina nafasi nzuri kwenye sherehe ya somo wa kwaya, yaani mtakatifu msimamizi wake, au karibu na tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Kwaya za madhehebu mengine zina matamasha, mashindano na ziara za uinjilisti. Katika siku kama hiyo kwaya mwenyeji huimba, kwaya mgeni huimba, watu hula pilau, na mara nyingi ratiba huishia hapo. Napendekeza muongeze saa moja. Kila kwaya ichague wimbo mmoja wa kuwafundisha wenzake, uwe mfupi, wenye kiitikio kinachoshikika, na karatasi ziwe zimetolewa nakala mapema. Wageni na wenyeji waketi kwa sauti zao, besi wote pamoja na alto wote pamoja, ili sare zichanganyike. Mwalimu wa kwaya yenye wimbo ndiye afundishe, na mwalimu mwingine akae katikati ya waimbaji aimbe.

Saa hiyo moja huzaa mambo ambayo barua ya mwaliko haiwezi kuyaahidi. Tena wawili waliokuwa peke yao katika kwaya ndogo hujikuta wamezungukwa na tena wengine wanane, na kwa mara ya kwanza hawalazimiki kupaza sauti ili wasikike. Mama aliyeimba alto kwa miaka mingi humwonyesha binti wa kwaya nyingine mahali pa kupumua. Mwishoni nyimbo zote mbili ziimbwe kwa pamoja, bila kipaza sauti, na rekodi ichukuliwe kwa ajili ya kumbukumbu za kwaya zote mbili.

Kuutoa wimbo ukiwa mzima

Sasa zamu yako ya kutoa imefika. Kabla hujatuma picha ya karatasi kwa simu, hakikisha karatasi hiyo ina jina la wimbo, jina la mtunzi, jina la mpangaji kama yupo, ufunguo, mwendo, na maneno ya beti zote, hata zile ambazo nyinyi hamziimbi. Kama mmebadilisha kitu, andika pembeni: “Kwaya yetu huimba kwa E bemoli, mtunzi aliandika F.” Piga picha mchana kwenye mwanga, karatasi ikiwa imelala sawa, kwa sababu zile alama ndogo za juu na chini ndizo za kwanza kupotea katika picha yenye kivuli. Ukipata mtu wa kuichapa kwa kompyuta, akague kazi yake kwa kuhesabu mapigo kama nilivyoeleza.

Jina la mtunzi lina uzito wa kisheria pia. Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda utunzi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na chombo kinachoisimamia ni COSOTA. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ina muda huo huo, chini ya bodi ya hakimiliki, KECOBO. Watunzi wetu wengi hutoa nota zao kwa moyo mweupe ili ziimbwe ibadani. Hata hivyo, kurekodi albamu, kuuza video au kuweka wimbo mtandaoni kwa ajili ya mapato ni jambo jingine, na linahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa mtunzi au warithi wake. Ombeni ruhusa kabla ya kwenda studio, kwa kuwa ugomvi wa baada ya uzinduzi huziacha kwaya mbili za mji mmoja zikikwepana kwa miaka.

Hatimaye, kwaya iwe na daftari la nyimbo, na mtu mmoja awe na dhamana nalo. Kila wimbo uandikiwe ulitoka kwa nani, uliingia lini, unaimbwa kwa ufunguo gani, na umepelekwa kwaya zipi. Itatokea siku ambayo wimbo mliowapa wengine utarudi kwenu kupitia kwaya ya tatu ukiwa na ubeti mpya, au besi zilizopangwa upya. Usiwakatalie papo hapo. Toa daftari, linganisha nakala yao na ile mliyoitoa, mpigie mtunzi kama yu hai umuulize kuhusu ubeti ule, kisha uandike jibu lake na tarehe kwenye ukurasa huo huo ili mwalimu atakayekufuata alikute.